Maji Yaliyokula Hariri

Nyuma ya mabucha ya soko kuu, pale mtaro unapopita umebeba damu na maji ya kuoshea visu, hakuna mtu anayesimama kwa hiari yake. Wapitao hukunja pua, wakainua na pindo za nguo. Kwa hiyo asubuhi ile watu walipomwona msichana wa gauni la buluu lililonyooka pasi, glavu mikononi, amechutama kando ya mtaro akichota udongo kwa kijiko na kuutia kwenye kichupa, soko lilipata la kusema.

"Dada, kama umekosa kitoweo si useme?" muuza nyama mmoja alimpigia kelele. "Nikukopeshe hata mfupa! Udongo wa nini?"

Watu wakacheka. Msichana akajifanya hasikii, ila masikio yalimwaka moto.

Kijana mmoja alikuwa akipita na furushi la nguo begani. Shati lake jeupe lilikuwa limetiwa wanga hata kola imesimama yenyewe. Aliona msichana mzuri amechutama peke yake anachekwa, akadhani ana msiba. Akatua furushi juu ya kreti, akachutama naye.

"Pole, dada. Ni hereni au pete?"

"Nini?"

"Hicho ulichopoteza."

"Sijapoteza kitu."

"Sasa humu unatafuta nini?"

"Vijidudu."

Kijana alimtazama, akautazama mtaro, akamtazama tena. "Wateja wangu wananilipa niviue. Wewe unavitafuta?"

"Wapo bakteria wanaokula damu inayomwagika hapa. Wameizoea, ndiyo riziki yao. Hao ndio ninaowataka."

"Uwapeleke wapi?"

"Kazini. Niwatunze, niwalishe."

"Mh! Wenzako wanafuga kuku."

Msichana hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka chenyewe. Kijana akainuka, akajipangusa magoti.

"Mimi ni dobi. Duka langu lina mlango wa kijani, ukipita kwa fundi viatu. Ukichafua koti lako la kazi niletee. Haifai daktari kuvaa koti lenye madoa."

"Mimi si daktari."

"Anayefuga vijidudu ni nani basi? Haya, Daktari, kazi njema."

Msichana alikuwa fundi wa maabara tu, wa kukoroga, kupima na kuosha. Wenzake kazini walimwita Bi Sahani, maana kutwa nzima alikuwa na sahani ndogo za bakteria mikononi. Angeweza kumkatalia tena yule kijana lile jina la daktari. Hakumkatalia. Lilimkaa vizuri moyoni, kama kiatu cha kuazima kinachomtosha mtu.

Juma lililofuata alipeleka koti, na lililofuata akapeleka tena, hata kabla halijachafuka. Mapenzi yakaanzia hapo, kwenye harufu ya sabuni na mvuke wa pasi. Simu nazo hazikukoma.

"Halo, Daktari wangu. Watoto wameamkaje?"

"Wameamka na njaa."

"Wamemfuata baba yao."

"Baba yao nani tena?"

"Si mimi niliyewaokota na wewe mtaroni? Au ndiyo mambo yenu wasomi, mtu ukishanufaika unasahau?"

Bi Sahani alipenda kumweleza kazi yake, na Dobi alipenda kusikiliza. Alimweleza namna anavyokoroga ule udongo katika maji safi, kisha tone moja akalipaka juu ya jeli iliyochanganywa na maziwa, sahani nyeupe kama mtindi. Ikishakaa kwenye joto, bakteria huota juu yake kama vipele. Wengi hukaa tu, lakini mmoja mmoja huzungukwa na duara angavu, mfano wa mwezi uliovikwa pete. Pale maziwa yameliwa.

"Yameliwa na kijidudu chenyewe?"

"Kinatema kitu. Kinaitwa kimeng'enya. Ni kama mate yanayoyeyusha chakula nje ya mdomo. Mwenye duara pana kuliko wote ndiye namchukua. Namzalisha kwenye chupa ya mchuzi, mashine inaitikisa mpaka mchuzi unakuwa mzito. Kisha nauzungusha kwa kasi kwenye mashine nyingine, bakteria wanatuama chini kama machicha, juu yanabaki maji maangavu. Kimeng'enya kimo humo."

"Na hayo maji yanakula maziwa?"

"Maziwa, damu, jasho, yai. Chochote kilichotoka kwenye mwili wa mnyama."

"Basi hiyo ni dawa yangu hiyo! Nitafutie tone moja tu."

"Thubutu! Profesa ataninyonga."

Profesa, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: kichupa hakitoki maabara mpaka ijulikane kinakula nini na hakipaswi kugusa nini. Kile cha mtaroni kilikuwa kimejaribiwa kwa kipande cha pamba chenye damu, basi. Vitambaa vingine vilikuwa bado vinangoja zamu.

Tuseme na hili, maana ndilo shina la mambo. Bi Sahani alimpenda Dobi kweli, lakini alimpendea nyuma ya pazia. Akifika dukani hakukaa mbele penye kiti cha wateja. Alipita moja kwa moja nyuma, kwenye mabeseni, akavuta pazia. Kazini simu ikilia wenzake wakiuliza "Nani huyo anayekuchekesha?" alijibu, "Ni dobi," na wao wakadhani ni habari za koti. Hakusema uongo. Wala hakusema kweli.

Siku moja mchana alikuwa huko nyuma anakunywa chai, akasikia sauti ya mwanamke mbele, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa mtaa ule.

"Kijana, nimezunguka kwa madobi wote. Hili ni gauni langu la harusi, la hariri. Binti yangu atalivaa Jumamosi, hataki jingine. Tazama kifuani hapa. Doa la maziwa. Yeye mwenyewe alinitapikia akiwa mchanga, siku nimelivaa kwenye ubatizo wake."

"Mwalimu, sitakudanganya. Doa la miaka hiyo yote ni gumu. Nitalifua gauni, doa sikuahidi."

"Fanya unavyoweza."

Mwalimu alipotoka, pazia likafunguka.

"Linatoka hilo," Bi Sahani alisema.

"Wewe, umeanza kusikiliza maneno ya watu?"

"Maziwa? Linatoka kabisa. Nitakuletea kile kichupa."

Dobi alimtazama kwa macho yaliyojaa sifa, na macho yale yakamlevya. "Na Profesa?"

"Ni tone tu. Hatajua."

"Kinafaa nguo zote?"

"Zote. Nitakupa kitu cha kudhuru kazi yako mimi?"

Jioni ile alileta kichupa ndani ya mkoba, amekifunga kwa leso na vipande vya barafu. Wakatia gauni katika beseni la maji ya vuguvugu, akamimina. Walikaa wawili wakichungulia kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Doa lilififia, likafifia, likabaki kivuli.

"Daktari wangu!" Dobi alipiga makofi. "Wewe ni kiboko!"

"Kimebaki kivuli. Liache mpaka asubuhi, kimalizie."

"Mpaka asubuhi?"

"Niamini, laazizi."

Asubuhi alipitia dukani kabla ya kazi, maana alitaka kuwapo sifa zitakapotolewa. Dobi alizamisha mikono beseni, akalinyanyua gauni polepole. Maji yalipoanza kuchuruzika, kifua chote cha gauni kikaachana na mabega. Halikutoa hata sauti ya kuchanika. Liliachia tu, kama karatasi iliyolowa, na kipande kikabaki kinaelea.

Hapo ndipo Bi Sahani alipokumbuka. Hariri hutoka kwenye mwili wa kiwavi. Ni kitu cha mnyama, sawa na maziwa, sawa na damu. Kimeng'enya hakina macho ya kutenga doa na kitambaa. Alifundishwa hayo, aliyajibia na mtihani. Hakuwa na kisingizio cha kutokujua. Alijua, akasahau kwa sababu alikuwa anatazamwa kwa macho ya sifa.

"Kimekula," alisema kwa sauti ndogo. "Kimekula gauni lenyewe."

Kabla Dobi hajajibu, mlango wa kijani uligongwa, na Mwalimu akaingia akiwa amefuatana na binti yake. Nyuma yao, fundi viatu na wanawake wawili wa jirani walisimama mlangoni kuliona gauni la bi harusi. Pazia lilikuwa wazi.

Binti ndiye aliyeliona kwanza. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama aliyekatwa miguu.

"Umelitia nini?" Mwalimu aliuliza.

Dobi akageuka kumtazama Bi Sahani. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemngoja mwenzake ili wanyanyue mzigo pamoja.

Mwalimu naye akageuka. "Na wewe? Wewe ni nani hapa?"

Bi Sahani aliona kitambulisho cha maabara kinaning'inia kifuani mwake mwenyewe. Akakifunika kwa kiganja. Akilini alimwona Profesa, akawaona wenzake, akaiona kazi yake inaondoka. Ulimi ukateleza.

"Mimi? Mimi mteja tu. Nimefuata nguo zangu."

Pasi ililia peke yake juu ya meza. Kisha Dobi akasema, bila kumtazama tena:

"Ni kosa langu, Mwalimu. Nimetumia dawa nisiyoijua."

Yaliyomtoka Mwalimu siku ile hayaandikiki. Alimwita mharibifu, mzembe, mtu asiye na mama wa kumfunza, na watu walizidi kujaa mlangoni. Dobi alisimama ameinamisha kichwa, mikono yake inadondosha maji yaleyale. Alipopata mwanya, alitwaa koti jeupe lililopigwa pasi kutoka ukutani, akamkabidhi Bi Sahani kwa mikono miwili, kwa adabu zote za duka.

"Haya, dada. Nguo yako hii. Karibu tena."

Alitoka amelikumbatia koti. Lilikuwa bado na joto la pasi.

Mchana alimpigia simu. Ilipokelewa mara moja.

"Dobi hapa. Nikusaidie nini?"

"Ni mimi."

"Ndiyo, dada. Una nguo za kufua?"

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Kama huna nguo za kufua, nina kazi mezani. Siku njema."

Bora angemtukana.

Bi harusi aliolewa na gauni la kuazima, limembana mabegani, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Maneno yakatapakaa. Fundi viatu alikuwa na lake la kuchekeshea wapita njia: "Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo iko kwa dobi!" Kamba za kuanikia za duka lile zikabaki tupu, zinachezewa na upepo. Kazini mwenzake mmoja akamuuliza Bi Sahani, "Eti dobi wako ndiye aliyeyeyusha gauni la Mwalimu? Usimpelekee tena koti, utarudi uchi." Wote wakacheka. Na yeye akacheka.

Tangu siku ile hakuweza kuitazama sahani ya maziwa. Kila duara angavu lilimwonyesha kifua cha gauni. Nyumbani alikaa na mama yake, na mama yule hakuwa mtu wa kuuliza mara tatu.

"Unakula kama mtu anayetafuna mawe. Nani amekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea, mama."

"Basi wewe ndiye uliyekosa. Unasali haraka haraka siku hizi, nakusikia. Unafika katikati unanyamaza."

Ni kweli. Kila alipofika pa kuomba kusamehewa, neno lilimkwama. Alijua kwamba aliyekosewa hayuko mbinguni pekee. Mwingine yuko nyuma ya mlango wa kijani, anakula jeuri ya watu kwa niaba yake. Akamsimulia mama yake yote, uso ameufunika kwa kanga.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mficha uchi hazai," alisema. "Amka unawe uso. Mimi siendi kukusemea."

Alianza kwa Profesa. Alisimama mbele ya meza yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nilitoa kichupa nje."

Profesa alivua miwani. "Cha mtaroni?"

"Ndiyo."

"Kimekula nini?"

"Hariri. Gauni la harusi la mtu. Na lawama nikamwachia asiyehusika."

Profesa aliiachia miwani ikaning'inia kifuani. "Hilo tungeligundua hapahapa," alisema, "kwa kitambaa kisicho cha mtu. Nipe ufunguo wa friji."

Akautoa.

"Nenda nyumbani. Nikishapoa nitakuita. Au sitakuita. Sasa hivi sijui."

Kutoka hapo akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta barazani na binti yake, ambaye alikuwa amekuja kusalimia na mumewe. Mwalimu akamtambua.

"Wewe si yule mteja?"

"Sikuwa mteja." Akayatoa yote, bila kituo, kichupa na kivuli cha doa na kiwavi na kiganja alichofunikia kitambulisho.

Mwalimu hakufoka. Aliuliza kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyotisha. "Aibu yako ilikuwa ya gauni, au ya kuonekana na dobi?"

Bi Sahani alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema ya gauni. Nusu ingekuwa kweli.

"Vyote viwili, Mwalimu. Hata kabla ya gauni, nilikuwa simtaji kwa watu."

Binti wa Mwalimu aligeuza uso. Mwalimu alikaa akitazama mikono yake.

"Nilimwambia kijana wa watu kwamba hana mama wa kumfunza," alisema. "Nilimwambia mbele ya mtaa. Sasa umenitia na mimi katika deni la kuomba radhi. Inuka. Tunakwenda wote."

Walimkuta Dobi anapiga pasi shati moja, pekee lililokuwapo. Fundi viatu akaacha nyundo. Wanawake wa jirani wakasogea, maana walimwona Mwalimu wakadhani vita imerudi.

"Sogeeni, sogeeni msikie vizuri," Mwalimu alisema kwa sauti ya darasani. "Mlinisikia nikimtukana huyu. Nilikosa. Kijana, nisamehe. Na huyu ana lake."

Bi Sahani alisogea mbele.

"Dawa ilikuwa yangu. Mimi niliileta, mimi nilimwambia inafaa, mimi nikasema iachwe mpaka asubuhi. Aliniuliza, nikamhakikishia. Na mimi si mteja wake. Mimi ni mchumba wake. Nilikuwa. Nilimkana hapa, palepale aliposimama Mwalimu."

"Ala!" fundi viatu alisema. "Na mimi niliyetunga msemo!"

"Kaa kimya, wewe," mwanamke mmoja alimkatiza. "Umeshachonga sana."

Dobi hakuacha kupiga pasi. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaugeuza mwingine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Gauni silo lililoniuma," alisema. "Nguo huharibika, mkono wa dobi hauna bima. Nilikuwa nimeshavuta pumzi niseme tumekosa, mimi na mwenzangu. Nikakuta sina mwenzangu."

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua ungekuja kesho yake."

Bi Sahani alisimama pale mbele, penye macho ya kila mtu. Aibu ilimshika kuanzia nyayo, akaiacha imshike. Mwalimu aliaga. Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, walipoona hapapigwi mtu. Nyumba ya wageni ya jirani ilikuwa imeleta mashuka yake asubuhi, yakaanikwa nje baada ya siku nyingi za kamba tupu, na sasa wingu zito lilikuwa limetanda juu ya paa. Upepo ukayajaza mashuka kama mashavu ya mpiga tarumbeta.

Dobi alitoka nje kwa haraka, akatazama juu, akaanza kuanua. Bi Sahani alibaki mlangoni, hajui aende au akae.

"Umesimama kama nguzo," Dobi alisema bila kugeuka. "Huoni mvua? Shika ncha hiyo."

Akashika. Walirudi nyuma wakalivuta shuka likanyooka, barabarani, watu wakipita huku na huku. Wakakunja mara moja. Wakasogeleana, ncha kwa ncha, mpaka vidole vikakutana. Hakuweza kumtazama usoni. Alivitazama vile vidole vilivyochanika kwa sabuni, na vyake kando yake.

"Kazi wamekuachisha?" Dobi aliuliza.

"Sijui bado. Amechukua ufunguo."

"Mm." Hakuachia ncha. "Mama yako anapatikana lini?"

"Jumapili, akitoka ibadani."

"Nitakuja na mjomba wangu. Anaongea sana, mwambie mama avumilie. Bado nina hasira na wewe, usije ukadhani zimekwisha. Nitakuja nazo."

"Njoo nazo."

Machozi yakamdondoka, tone la kwanza na la pili. Dobi akalivuta shuka upande wake.

"Geuza uso huko," alisema. "Hili nimeshalifua."